Sakafu inakula maziwa ya ndama wako

Julai mwaka juzi nilitoka saa kumi na moja alfajiri na tochi na ndoo ya kukamulia, nikamkuta ndama amejikunja kwenye kona ya banda, miguu yote minne kaikunjia chini ya tumbo, pua kaichomeka ubavuni, manyoya yamesimama. Nikamshika sikio, la baridi. Nikamwingiza kidole mdomoni, mdomo nao wa baridi, akanyonya kidogo tu halafu akaacha. Alikuwa na siku 11. Jina lake Subira, mtoto wa Neema, jike, chotara wa Friesian, na kwa mtu mwenye ng'ombe watatu kama mimi ndama jike ndo kila kitu, yaani huyo ndo ng'ombe wako wa kesho. Siku mbili baadaye akaanza kukohoa, ya tatu akawa anapumua harakaharaka shingo kainyoosha, dokta akaja akampiga sindano, ya tano tukamzika kule nyuma kwenye miparachichi.

Mi nipo nje kidogo ya Njombe mjini, upande wa kwenda Uwemba. Wanaoijua Njombe hawahitaji kuelezwa baridi ya huku, tupo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na ikifika Juni na Julai usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10 bila shida, ukungu unalala mpaka saa nne asubuhi, nguo ukianika leo unaanua kesho kutwa. Na lile banda alilofia Subira halikuwa banda bovu, hapo ndo panaponiuma. Lilikuwa na bati zuri, ukuta wa tofali, na sakafu ya zege tuliyoimwaga kwa hela ya viazi vya msimu mzima. Kila aliyekuja kututembelea alisifia ile sakafu. Nilikuwa naipiga maji na fagio kila asubuhi, inang'aa, namrudisha ndama analala juu yake ikiwa bado inavuja maji, na nilikuwa najua moyoni kabisa kwamba huo ndo usafi.

Dokta siku ile alipomaliza kumchoma Subira sindano hakusema kitu, akapiga magoti pale pale ndama alipokuwa amelala, akatulia nusu dakika hivi, akasimama. Suruali yake kwenye magoti yote mawili ilikuwa na duara mbili za maji. Akanionyesha tu kwa kidole. Baadaye ndo nikaja kujua kwamba hicho ni kipimo kabisa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanakitumia sehemu nyingi duniani, unapiga magoti kwenye malalo ya ndama kwa sekunde kama 20 au 30, ukiinuka goti limeloa ujue ndama wako analala kwenye maji. Hakuna mashine, hakuna bei, ni goti lako tu.

Toka siku ile nimekuwa nasoma na kuuliza kila ninayekutana naye kuhusu malalo ya ndama, na kuna kitu kimoja naomba kila anayefuga huku kwenye baridi akielewe kabla hajanunua hata kopo moja la unga wa madini. Ndama wa wiki za kwanza analala karibu saa 18 kwa siku. Saa 18! Yaani anasimama kunyonya, anazungukazunguka kidogo, anarukaruka kama ana raha, anakojoa, anarudi chini. Sasa chukua huo muda wote ukijua tumbo lake, kifua chake na mapaja yake yamegusa ile sakafu. Zege ni kitu cha ajabu kwenye kunyonya joto, na zege lililoloa ndo balaa zaidi, linavuta joto la mwili dakika baada ya dakika usiku mzima na lenyewe halipati joto hata siku moja. Ng'ombe mkubwa anaweza kuvumilia kwa sababu tumboni mwake kuna lile tumbo kubwa linalochachusha majani mchana na usiku, ule uchachu unatoa joto, ni kama anatembea na jiko ndani. Ndama hana jiko hilo bado. Tumbo lake kubwa halijaamka, anaishi kwa maziwa tu, ngozi nyembamba, mafuta mwilini kidogo sana.

Wataalamu wanasema ndama wa chini ya wiki tatu, joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 15 au 10 hivi, inategemea kama ni mkavu, kama kuna upepo na kama ana kitu cha kujifukia, anaanza kuchoma nguvu za mwili kwa ajili ya kujipasha tu. Ndo hapo nilipoelewa kwa nini ndama wangu wote waliotangulia walikuwa wanakunywa lita nne kwa siku na bado mbavu zinahesabika. Nilikuwa nawapa maziwa na sakafu inayanywa. Lita nilizowanyima watoto na mteja ili ndama akue, zinaishia kwenye zege. Na ndama akishachoma akiba yake kwa baridi hata ile kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mwanzo inaelemewa, kuhara kunaanza, kichomi kinaanza, na wewe unakimbilia duka la dawa.

Nisieleweke vibaya, malalo hayachukui nafasi ya maziwa ya mwanzo. Ndama asipopata dang'a lita tatu mpaka nne ndani ya saa sita za kwanza, na kitovu kisipochovywa kwenye aidini, hata umlaze kwenye godoro la hoteli unajisumbua. Ila nikiangalia majirani zangu wengi, dang'a wanatoa, aidini wanajua, minyoo wanajua, na bado Juni hadi Agosti wanazika ndama. Na ukienda bandani unakuta zege, au unakuta mbao zenye nafasi.

Hizo mbao zenye nafasi nazo nizisemee maana wengi tulifundishwa hivyo. Kizimba cha mbao kilichoinuliwa kutoka chini, kama mita 1.2 kwa 1.5, sakafu yake fito zenye upenyo ili mkojo na kinyesi vidondoke. Wazo lake ni zuri na nimeona linavyosaidia watu wa maeneo ya joto na yenye matope, ndama anakuwa mkavu, hakanyagi kinyesi chake, minyoo na kuhara damu vinapungua. Ila huku kwetu Julai upepo unapita chini ya kile kizimba unampiga ndama tumboni moja kwa moja, sehemu yenye manyoya machache kuliko zote. Nilikaa usiku mmoja karibu na kizimba cha shemeji yangu tukisubiri ng'ombe azae, nikaingiza mkono chini ya fito, upepo unasikika kabisa kwenye vidole, na ndama yupo juu yake anatetemeka. Mtu anakwambia lakini ni mkavu. Ndiyo ni mkavu, ila mwanao akiwa mkavu ukamning'iniza kwenye chandarua dirishani usiku wa Julai atapona?

Basi tukaamua kubadilisha. Banda hatukulivunja, hatukuwa na hela ya kuvunja. Kona ile ile ya ndama mume wangu akachimba zege kidogo akaweka mteremko kuelekea mtaro wa nje, juu yake tukamwaga kokoto ili mkojo ushuke upotee, halafu ndo tukaanza kutafuta kitu cha kuweka juu ya kokoto. Na hapa ndo safari ndefu ilipo maana kila mtu ana lake.

Njombe na Mufindi ni nchi ya mbao. Misindano kila kilima, dingdong, zile mashine za kupasua mbao, zinanguruma toka asubuhi, na kila zilipopasua magogo kunabaki kilima cha vumbi la mbao ambacho mwenye mashine anakuomba ukichukue. Bure! Nikasema tatizo limeisha. Nikabeba magunia manane, nikamwaga, siku ya tatu nikapiga goti, likaloa. Nikashangaa, ndama hajakojoa kihivyo. Kumbe lile vumbi ni la magogo mabichi, msindano umekatwa juzi na umejaa maji, karibu nusu ya uzito wa lile vumbi ni maji tupu toka linatoka kwenye msumeno. Halafu limelala nje kwenye mvua. Ukilishika kwenye ngumi ukilibana linashikamana kama ugali. Isitoshe vumbi la mbao bichi ni makazi ya vijidudu, wafugaji wa ng'ombe wanaokamuliwa wanalijua hilo vizuri maana kuna bakteria wanaoitwa Klebsiella wanaopenda vumbi la mbao na wanaleta ugonjwa wa kiwele ulio mgumu sana kutibika. Kwa hiyo la bure lilinigharimu. Sasa hivi nikilichukua hilo nalitandaza kwenye turubai juani mpaka likiwa mkononi linamwagika kama mchanga, ndo naliingiza.

Maranda ni kitu kingine. Maranda yanatoka kwa mafundi seremala, mbao imeshakauka, randa inapita inatoa yale mapindapinda mepesi, wafugaji wa kuku wanayajua na ndo maana yana bei na foleni. Yananyonya mkojo vizuri sana, hayatoi vumbi la kumziba ndama pua, na nzi hawayapendi kama wanavyopenda mabua yaliyoloa. Jambo moja la kuwa nalo makini, uliza fundi mbao zake zimetoka wapi. Huku kuna mbao na nguzo zinazopigwa dawa za kuzuia mchwa zenye shaba na arseniki, za rangi ya kijanikijani, maranda ya mbao hizo usimlazie ndama kabisa, ndama analamba kila kitu.

Ila maranda peke yake hayamfuniki. Huo ndo ukweli nilioupata usiku mmoja nikiwa na tochi. Ndama kalala juu ya maranda makavu mazuri, goti langu kavu kabisa, na bado kajikunja. Dokta alipopita tena akaniambia angalia miguu. Kuna watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliotoa kazi yao mwaka 2006, walizunguka mabanda ya ndama wakati wa baridi kali ya kule wakawa wanaangalia kitu rahisi kabisa: ndama akiwa amelala, miguu yake unaiona? Ukiiona yote hiyo ni alama 1, ukiiona nusu nusu ni 2, usipoiona kabisa kwa sababu kazama kwenye malalo kama kuku kwenye kiota, hiyo ni 3. Na walikuta ndama waliokuwa wanazama hivyo walikuwa na ugonjwa wa mapafu pungufu, pamoja na wale ambao hewa ya kizimbani mwao ilikuwa na bakteria wachache. Ndama anahitaji kujichimbia. Akijichimbia, hewa inayobaki kati ya mabua na mwili wake inapata joto lake mwenyewe na inabaki pale pale inamzunguka, ndo blanketi lake. Na maranda hayatengenezi kiota, yanatawanyika.

Kinachotengeneza kiota ni mabua marefu, na bora kuliko yote kwa macho yangu ni ya ngano. Ukitaka kujua kwa nini chukua bua moja la ngano likatize katikati uangalie, ni bomba tupu, lina hewa ndani. Huku kwetu yanapatikana baada ya mavuno kwa wanaolima ngano, wengine wanayachoma moto shambani na mi nikiona moshi ule roho inaniuma kweli, maana bei yake ni kuyafuata tu. Nimejaribu mabua ya mahindi, ni magumu kama fito na inabidi uyakatekate na panga, na isitoshe hayo ni chakula cha ng'ombe kipindi cha kiangazi, huwezi kulaza ndama juu ya chakula cha mama yake. Maganda na mabua ya maharage ni laini lakini yanaoza haraka. Majani ya msindano nilijaribu wiki moja nikayatoa, hayanyonyi kitu, yanateleza tu mkojo unapita chini unatuama. Nyasi za kuezekea zilizokauka vizuri zinafaa, zinakaribia ngano. Maganda ya mpunga, yale ambayo wengi wanayaita pumba, yanakuja na magari kutoka upande wa Mbarali, ni makavu sana ila mepesi, na ndama akilala hayamfuniki.

Kwa hiyo tukafika kwenye mpangilio tunaoutumia mpaka leo, kokoto chini, maranda makavu juu yake kama kiganja cha mkono kilichosimama, halafu mabua ya ngano au nyasi kavu kwa wingi juu, mpaka ndama akilala huoni magoti yake. Kila asubuhi natoa palipoloa na palipo na kinyesi kwa reki, jioni kabla ya giza naongeza mabua. Jioni, siyo asubuhi, maana baridi inakuja usiku. Ndama akiachishwa au akihama, kila kitu kinatoka mpaka kokoto, chokaa inapigwa, pale panakauka kwa jua siku kadhaa kabla ya mwingine.

Ndama wa kwanza kulala kwenye mpangilio huo ni Faraja, alizaliwa Juni mwaka jana, mama yake ni Neema yule yule. Usiku wa nne nilienda kumwangalia saa tano hivi, nikamulika na tochi nikaona kichwa tu. Kichwa na masikio mawili, kingine chote mabua. Nikaingiza mkono kule ndani ubavuni kwake, na lile joto lililokuwa mle ndani sitalisahau, kama umeingiza mkono chini ya kuku anayeatamia. Nilikaa pale muda mrefu, nikamkumbuka Subira.

Kwenye kukua sasa. Wanaoshauri ufugaji wa maziwa wanasema ndama jike akifikisha miezi miwili awe amefikia mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Mimi sina mzani, natumia ule mkanda wa kupima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele. Faraja nilimpima siku aliyozaliwa akasoma kilo 36, siku ya 60 akasoma 71. Mkanda siyo mzani, najua, lakini ndama zangu wa nyuma, kwa mkanda huo huo na lita hizo hizo nne, hawakuwahi kuvuka 60 kwa umri huo. Sikubadilisha maziwa wala pumba za kuanzishia. Nilibadilisha anacholalia na nikaziba upepo.

Ila lazima niwe mkweli, mtu asije akaenda kumwaga mabua kila mahali akitegemea miujiza. Chuo Kikuu cha Arkansas huko Marekani walishafanya jaribio lililotoka mwaka 2004, wakalaza ndama kwenye vitu vitano tofauti, mabua ya ngano, maranda, maganda ya mpunga, mchanga, na vumbi la mawe ya granaiti, na kukua hakukutofautiana, kilo zilikuwa zile zile. Arkansas ina joto na ndama wale hawakuwa wanapambana na baridi. Hata hivyo waliolala kwenye mchanga na granaiti walitibiwa kuhara mara nyingi zaidi, na mabua ya ngano ndo yalikuwa na joto zaidi kwa juu kuliko vingine vyote. Mi naelewa hivi, pale ambapo joto lipo la kutosha malalo yanaamua zaidi usafi na kuhara, pale ambapo baridi ipo yanaingia mpaka kwenye kilo. Kwa hiyo ndugu yangu wa Tanga unayefugia kwenye joto la pwani usichukue mpangilio wangu kama ulivyo, mabua mengi kwako ni joto juu ya joto na nzi juu ya nzi, wewe maranda makavu machache yanayobadilishwa mara kwa mara yanakutosha, mabua marefu tuachie sisi wa Njombe, Makete, Mbeya, Rungwe, na ndugu zetu wa Kenya kule Nyandarua.

Na ukavu ndo baba wa yote, popote ulipo. Kuna watafiti wa British Columbia, Kanada, mwaka 2012 waliwapa ndama vumbi la mbao lenye viwango tofauti vya unyevu wakawaacha wachague wenyewe, na kila mara ndama alienda kwenye kavu zaidi. Na walipolazimika kulala palipoloa walilala muda mfupi zaidi. Ndama hawezi kukwambia, lakini anakuonyesha, ukimkuta amesimama muda mrefu usiku ujue palipo chini hapalaliki.

Kosa jingine ninaloliona sana huku, na mama mmoja jirani yangu tulibishana kwa hili karibu tugombane, ni kuziba banda lote. Mtu akisikia baridi anachukua turubai na viroba anaziba mpaka juu, anasema nimempasha ndama wangu. Ingia humo asubuhi. Usiingie umesimama, ingia upige magoti, kichwa chako kiwe sawa na cha ndama, uvute pumzi. Macho yanachoma. Hiyo ni amonia ya mkojo, inakuwa nyingi zaidi pale chini kwenye malalo yaliyoloa, wewe uliyesimama huisikii vizuri lakini yeye anaivuta saa 18. Inachubua mapafu, na mapafu yaliyochubuka ndo mlango wa kichomi. Upepo uzibe kwa chini, kimo cha ndama aliyelala na aliyesimama, kwa mbao au viroba vilivyoshonwa, juu acha wazi hewa itoke. Tena hewa chafu haiishi kwa turubai wala kwa feni peke yake, inaisha kwa kuondoa kilicholoa.

Mabua yenye ukungu pia usilete, hata kama mtu anakupa bure. Ukiyatikisa yakitoa vumbi jeupe au jeusi yapeleke shambani moja kwa moja.

Gharama watu wananiuliza sana. Mi nikihesabu maranda ya kununua kwa ndama mmoja mpaka anapoachishwa maziwa, na mabua ambayo kwangu ni nauli ya kuyabeba tu, bado sijafika gharama ya ile wiki moja ya kumtibu Subira, sindano, usafiri wa dokta na maziwa niliyomwaga. Na ndama huyo ukimkosa umekosa mtamba, yaani jike aliyekua ambaye hajazaa bado, na mtamba leo ukimtaka kwa mtu unajua mwenyewe bei yake. Wengi huku tuliingia kwenye ng'ombe wa maziwa kwa mpango ule wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, unapewa ng'ombe, ndama jike wa kwanza unampa jirani anayefuata kwenye foleni. Sasa ndama yule akifa baridini siyo wewe tu uliyepoteza, kuna familia nzima nyuma yako inasubiri maziwa.

Kuhusu mbolea niseme kidogo kwa sababu niliharibu mstari mzima wa viazi. Malalo yenye maranda mengi usiyatoe bandani leo ukayafukia shambani kesho. Maranda yanapooza yanachukua naitrojeni ya udongo, viazi vyangu vikawa njano kama vina ugonjwa. Sasa nayarundika, nachanganya na kinyesi kibichi cha ng'ombe wakubwa, namwagia mkojo, nayageuza, naacha miezi mingi, ndo napeleka kwenye miparachichi. Mabua ya ngano yenyewe yanaoza haraka zaidi, yana nafuu.

Mwezi wa pili baba mkwe alikuja kututembelea, mzee wa miaka 80 na kitu. Nikamsalimia shikamoo baba, akaitika marahaba, kamwene, tukaenda naye bandani kumwona Faraja ambaye sasa ni mtamba mkubwa, na ndama mpya pembeni yake yupo kwenye mabua. Akaegemea fimbo akamwangalia muda mrefu. Akasema sisi ndama tulikuwa tunalala nao ndani ya nyumba, upande wa motoni, mama alikuwa anatandika nyasi jioni kabla hajatutandikia sisi. Akasema ninyi mlipopata sementi mkawatoa nje. Hakusema kwa kulaumu, alikuwa anaeleza tu, halafu akainama akashika mabua akayasugua mkononi kuangalia kama yamekauka.

Nimelifikiria hilo sana. Wale ndama wa kienyeji walikuwa wadogo na wagumu na bado bibi yule aliwatandikia nyasi karibu na moto, sisi tumeleta damu ya ng'ombe mgeni, ndama mlaini zaidi, tukamlaza kwenye zege tukaita maendeleo.

Yule mama jirani tuliyebishana naye kuhusu turubai ng'ombe wake amezaa juzi, ndama jike. Jana jioni alipita akasema dada, hebu njoo uniangalizie. Nilipiga goti kwenye sakafu yake, nikainuka na sketi imeloa, naye akaiona mwenyewe. Leo asubuhi nimemfungia magunia mawili ya maranda na mzigo wa mabua, kijana wa bodaboda anakuja kuyachukua saa tisa, kabla jua halijazama yawe yameshatandikwa.